Kichanga wa siku tatu anatafuna mdomo mtupu na mkono mmoja unaruka: ni kifafa, degedege au kitu kingine?

#1 Tabibu wa Zamu
Wakuu, habari za jioni. Naleta kisa cha kufundishia, kisha natoa dai mnipinge.

Kichanga wa kike, mimba ilitimia, kilo 3.1 alipozaliwa, alilia papo hapo. Mama alipata kifafa cha mimba, akachomwa magnesiamu. Siku mbili mtoto ananyonya vizuri. Alfajiri ya siku ya tatu macho yanageukia kushoto na kuganda, mdomo unatafuna bila kitu, mkono wa kushoto unaruka. Dakika moja na nusu, kisha analegea. Inarudi kila baada ya nusu saa. Joto 36.8, sukari kwenye glukomita 3.3 (milimoli kwa lita).

Bibi anasema mtoto kamrithi mama kifafa. Dai langu: neno "kifafa" lisiandikwe kwenye kadi ya huyu mtoto leo. Hili ni degedege la kichanga, yaani dalili, na siku hizi za mwanzo dalili hiyo karibu kila mara ina chanzo chake. Ukishaandika kifafa, kila atakayeipokea kadi ataacha kutafuta. Nyie mngeanza wapi?

#2 MkungaPangani
Nakuunga mkono kwenye jina. Kifafa cha mimba ni ugonjwa wa mama, unatokana na presha ya ujauzito. Jina tu ndilo limefanana. Mtoto harithi. Na magnesiamu ikivuka kondo humlegeza mtoto, akapumua kwa uvivu na kushindwa kunyonya saa za mwanzo. Haimrushi mkono.

Nawaomba wote muangalie kitovu kabla hamjaenda mbali. Kimekatwa na nini, kimepakwa nini, kinanuka?

#3 Nesi Njiti
Kabla ya kubishana chanzo, mtoto anahitaji kupumua. Utaratibu ninaoufahamu:

Mlaze kwa ubavu au chali shingo ikiwa sawa, isikunjwe wala kupindwa nyuma. Futa au nyonya mate na maziwa, mdomo kwanza kisha pua. Usitie kidole wala kijiko mdomoni, usimpe ziwa wala maji. Mvalishe pulsoksimita, kile kipimo cha oksijeni ya damu, mguuni au mkono wa kulia. Ikishuka chini ya 90 mpe oksijeni ya puani, nusu lita mpaka lita moja kwa dakika. Mfuko wa kupumulia wenye barakoa ndogo uwe kitandani, usiwe kabatini. Mfunike, maana kichanga aliyevuliwa kwa uchunguzi hupoa haraka. Angalia saa ilipoanza na ilipoisha, andika.

Kisha tone la damu kisiginoni kwa sukari. Pasha kisigino joto kwa mkono wako na futa tone la kwanza. Spiriti isipokauka vizuri, kipimo hudanganya.

#4 Baba Salha
Asanteni kwa uzi. Sisi wa nyumbani tunajuaje kama ni degedege au mtoto anatetemeka tu? Vichanga wengi hutetemeka kidevu wakilia.

#5 Nyuroni
Baba Salha, swali lako ndilo gumu kuliko yote humu, hata kwa madaktari.

Mtetemo wa kawaida una mwendo sawa kwenda na kurudi, kama uzi wa gitaa. Huamshwa na kishindo, baridi au kumgusa. Macho hayagandi, rangi haibadiliki. Shika kiungo kinachotetemeka kwa upole, ukikunje: mtetemo unakatika. Degedege lina mwendo wa hatua mbili, ruko la haraka kisha kurudi polepole, tena, tena. Ukishika mkono unaendelea kuhisi unagonga chini ya vidole vyako, hata kama umeuzuia usionekane. Hiyo ndiyo tofauti nawafundisha wazazi waijaribu.

Ipo pia mirusho ya usingizini: mtoto kalala, mikono inaruka pande zote mbili, ukimwamsha inakoma hapo hapo. Hiyo haihitaji tiba kwa sababu si ugonjwa. Wengine wamelishwa dawa za degedege kwa miezi kwa sababu hakuna aliyemwamsha mtoto kuangalia.

Sasa upande wa pili. Kichanga ni nadra kuanguka na kukakamaa mwili mzima kama mtu mzima, kwa kuwa nyaya za ubongo wake hazijafunikwa vizuri. Degedege lake huja kwa vipande: macho yanakodoa upande mmoja, kope zinapepesa, ulimi unatoka na kuingia, miguu inaendesha baiskeli, au pumzi inakata tu. Kisa cha #1 kina macho yaliyoganda, mdomo na mkono wa upande mmoja, na vinajirudia kwa sura ile ile. Huo si mtetemo.

#6 Mlima Uluguru
Naongeza hapo kwa Nyuroni. Mwaka 2009 watafiti wa Ireland waliwaonyesha wahudumu 137 video 20 za vichanga, wakaambiwa waseme lipi ni degedege na lipi si. Kwa wastani walipatia nusu. Ni kama kurusha shilingi. Ndiyo maana uainishaji wa chama cha kimataifa cha kupambana na kifafa wa mwaka 2021 unataka kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kabla ya kusema kwa uhakika.

#7 Nesi Njiti
Mlima, EEG ya kichanga haipo kwenye hospitali nyingi za wilaya. Tuache kumtibu?

#8 Mlima Uluguru
Sijasema hivyo, dada. Uainishaji huo huo unakubali kwamba pasipo EEG, mirusho ya upande mmoja ikionwa na mtu mzoefu ina uzito wa kutosha. Vinavyodanganya zaidi ni kutafuna, kuendesha baiskeli na kukata pumzi vikija peke yake. Simu inasaidia: mvue mtoto, mwanga wa kutosha, uso na mikono yote miwili viwe ndani ya picha, taja saa kwa sauti, na mkono wako uonekane ukishika kile kiungo kinachoruka. Dakika mbili za hivyo zinamfaa daktari wa rufaa kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

#9 Kinu
Nije kwenye dawa, maana ndipo watu wanapoumiza watoto.

Dawa ya kwanza ni fenobabitoni, dozi ya kuanzia miligramu 20 kwa kila kilo. Mtoto wa #1 ni kilo 3.1, kwa hiyo miligramu 62. Ampuli nyingi ni miligramu 200 kwenye mililita 1. Ukivuta bila kuchanganya ni mililita 0.31, na hapo mkono ukiteleza kwenye sirinji ya mililita 5 unampa mara mbili bila kujua.

Fanya hivi. Vuta mililita 1 ya dawa, ongeza mililita 9 za maji ya sindano. Sasa una miligramu 20 kwa kila mililita, na hesabu inakuwa rahisi: kila kilo ni mililita moja. Mtoto wa kilo 3.1 anapata mililita 3.1. Andika kwenye plasta, bandika kwenye sirinji. Sukuma kwa dakika 5, kisha safisha mrija kwa chumvichumvi, yaani maji ya chumvi ya dripu.

Lakini soma ampuli kwanza kila mara, zipo za nguvu tofauti. Hesabu yangu ni ya 200 tu.

#10 Tabibu wa Zamu
Kinu, nakupongeza kwa plasta, ila dakika 5 naipinga. Mwendo salama ni miligramu 1 kwa kilo kwa dakika, kwa hiyo dakika 15 mpaka 20. Ukiharakisha pumzi inakata na presha inashuka.

#11 Kinu
Mwongozo mmoja wa zamani wa Shirika la Afya Duniani uliandika dakika 5, ndiko nilikoitoa. Nakubali, 15 mpaka 20 ni bora, hasa pasipo mashine ya kupumulia. Na angalieni mshipa: dawa hii ina ualkali mkali, ikivuja nje huchoma nyama. Mshipa wa kichwani wenye uvimbe usiutumie.

#12 Zahanati ya Mwisho
Shikamooni wakuu. Na sisi tusio na uwezo wa kupata mshipa wa kichanga? Vidonge vya miligramu 30 vipo. Visagwe?

#13 Nesi Njiti
Marahaba. Kama ampuli ipo, choma msuli wa paja mbele, upande wa nje, miligramu 20 zile zile kwa kilo. Hapo usichanganye na maji: 0.3 ya mililita kwa mtoto wa kilo 3, kwa sirinji ya mililita 1 yenye alama ndogo. Kisha rufaa, mtoto kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na mtu anayeitazama pumzi njia nzima.

Vidonge vilivyosagwa kwa mrija wa puani ni njia ya mwisho kabisa. Huchukua saa kadhaa kufika kiwango cha kufanya kazi. Na mtoto anayeruka asipewe chochote kwa mdomo bila mrija, atavuta mapafuni.

Andika kwenye karatasi ya rufaa saa na kiasi ulichompa. Wakipokea bila maandishi, wanampa dozi nyingine kamili.

#14 Baba Salha
Kwa nini si diazepamu? Watoto wakubwa huwekewa njia ya haja kubwa na degedege linakatika.

#15 Kinu
Chini ya mwezi mmoja haishauriwi kuwa dawa ya kuanzia. Hukaa mwilini mwa kichanga muda mrefu kuliko inavyomtuliza, inakata pumzi, hasa juu ya fenobabitoni. Tena sindano yake huwa na benzoeti, kihifadhi ambacho huing'oa bilirubini, ile rangi inayoleta manjano, kwenye protini ya damu. Mtoto mwenye manjano unamsogeza karibu na madhara ya ubongo.

#16 MkungaPangani
Turudi kwenye sukari. Tabibu ameandika 3.3 na sote tumepita. Kwa walio wapya: kiwango cha kutibu ni chini ya 2.2.

#17 Mlima Uluguru
Hapana dada mkunga, 2.2 ni ya zamani. Kitabu cha mfukoni cha WHO kinatumia 2.5, wengine 2.6. Kwa kichanga anayerusha mkono sisubiri mpaka ishuke 2.2. Dozi ni dekstrosi ya asilimia 10, mililita 2 kwa kilo, mshipani polepole, kisha dripu iendelee, kwa sababu ukimpa mara moja tu na kuondoka inaporomoka tena. Rudia kipimo baada ya nusu saa.

Kama una ile ya asilimia 50 tu: mililita 2 zake na 8 za maji ya sindano, unapata 10 za asilimia 10. Kamwe usimpe ya 50 ilivyo, inaunguza mishipa na kuvuta maji kwenye ubongo.

Ukikosa kipimo kabisa, mpe kana kwamba imeshuka.

#18 MkungaPangani
Nimepokea, ahsante kwa kunisahihisha.

#19 Uti na Damu
Kisa cha #1 kwangu ni homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitike siyo. Joto la 36.8 halinitulizi. Kichanga mwenye maambukizi anaweza kuwa na homa, akawa baridi, au akawa kawaida kabisa. Shingo haikazi. Utosi huvimba akiwa amechelewa. Antibayotiki ya kwanza iingie ndani ya saa moja, ampisilini na jentamaisini, na maji ya uti wa mgongo yachukuliwe akitulia. Usingoje maji ndipo uanze dawa.

Onyo moja: wanaokimbilia seftriaksoni wakumbuke haipaswi kukutana na kalsiamu ya mshipani kwa kichanga. Vinaganda pamoja na vinaua. Na kwa mwenye manjano haifai hata bila kalsiamu.

#20 Nyuroni
Uti na Damu, antibayotiki nakubali, hakuna wa kukukatalia. Lakini mtoto huyu ananyonya, analia, na kati ya degedege moja na jingine yuko macho anakutazama. Mkono ni wa upande mmoja, macho yameelekea upande huo huo. Kwangu huyu ni kiharusi cha kichanga, mshipa wa ubongo upande wa kulia umeziba. Ndicho chanzo cha pili kwa wingi kwa waliotimia, baada ya kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Altrasaundi ya utosini inaweza kuwa safi kabisa na kiharusi kipo. MRI, picha ya ubongo ya mashine ya sumaku, ndiyo inakionyesha.

Kukosa hewa namtoa, kwa sababu degedege lake huanza ndani ya saa 24 za kwanza, mara nyingi kati ya saa 12 na 24, na mtoto anakuwa amelegea toka mwanzo.

#21 Tabibu wa Zamu
"Alilia papo hapo" ni maneno ya kwenye kadi. Kadi nyingi zina alama za Apgar, zile za hali ya mtoto anapozaliwa, 8 na 9 hata kwa mtoto aliyepuliziwa dakika tano. Ningetafuta patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu.

#22 MkungaPangani
Hapo umenigusa, na ni kweli. Alama ziandikwe na anayemshika mtoto, dakika ile ile, zisijazwe mwisho wa zamu.

#23 Kinu
Hakuna aliyetaja kalsiamu. Na hapa namrudia mkunga wa #2. Ni kweli magnesiamu haimrushi mtoto mkono moja kwa moja. Lakini ikizidi kwa kichanga huizima tezi inayopandisha kalsiamu, na kalsiamu ikishuka ndiyo humrusha. Kwa mama aliyepewa ule utaratibu wa saa 24 ni nadra. Hatari hasa ni kwa waliopewa siku nyingi mfululizo. Ila kupima hakugharimu sana.

Ikiwa chini: kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 2 kwa kilo, ichanganywe na dekstrosi ya asilimia 5 kiasi hicho hicho, dakika 10, na mtu asikilize moyo muda wote. Mapigo yakishuka chini ya 100, simama. Ikivuja nje ya mshipa, ngozi huoza. Ikishindwa kupanda kwa dozi mbili, tatizo linaweza kuwa magnesiamu iliyo chini.

#24 Nesi Njiti
Nauliza kitu kidogo: alipimwa uzito leo? Kilo 3.1 ni za kuzaliwa. Siku ya tatu mpaka ya tano ndipo vichanga ambao maziwa hayajashuka hukauka, hasa uzazi wa kwanza. "Ananyonya vizuri" maana yake mara nyingi ni kwamba yuko ziwani. Haina maana kwamba anameza. Akiwa amepungua zaidi ya asilimia 10, sodiamu inaweza kuwa juu sana, na hiyo peke yake inaleta degedege au damu kuganda ubongoni. Tazama nepi: mkojo mara ngapi, na kuna madoa ya rangi ya matofali?

Na sodiamu ikiwa juu, usimjaze maji haraka. Ikishuka ghafla ubongo huvimba na degedege linakuwa baya zaidi ya lile ulilokuwa unalitibu.

#25 Nyuroni
Nesi, hoja ya kuganda kwa damu ni nzuri na inaungana na yangu ya kiharusi. Lakini mtoto aliyekauka hivyo angekuwa amechoka.

#26 Nesi Njiti
Si lazima. Wengi huwa na kilio cha juu na hamu kubwa ya ziwa mpaka dakika ya mwisho. Apimwe tu.

#27 Mzaramo
Mbona hakuna aliyeuliza vitamini K? Damu kwenye ubongo siku ya tatu, huyo hapo.

#28 Uti na Damu
Nusu sahihi, kaka. Upungufu wa vitamini K wa siku ya 2 mpaka 7 kwa kawaida humwaga damu kitovuni, tumboni au kwenye sindano. Ule wa kuvuja ubongoni zaidi ni wa kuchelewa, wiki ya 2 mpaka miezi mitatu hivi, kwa mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu. Lakini swali lako libaki: je, alichomwa miligramu 1 pajani alipozaliwa? Kama kadi haina alama, mchome sasa.

#29 MkungaPangani
Na kitovu bado hamjanijibu.

#30 Tabibu wa Zamu
Dada, kila uzi wako hurudi kitovuni, na mara nyingi unatuokoa. Kwa kisa hiki kitovu ni kikavu, kimekatwa kwa wembe mpya. Pepopunda ya vichanga ina sura nyingine: huanza siku ya 3 mpaka 14, mtoto aliyekuwa ananyonya anashindwa kufungua taya, mwili wote unakakamaa kwa sauti au mwanga, na akili yake iko timamu wakati wote. Tanzania ilithibitishwa kuitokomeza kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2012, lakini vijidudu viko udongoni siku zote. Mama asiye na chanjo na kitovu kilichopakwa samadi vikikutana, inarudi.

#31 BintiMaskati
Salaam kutoka Omani. Naongeza chanzo ambacho huku hospitali hukiuliza: risasi. Kuna unga wa kienyeji uitwao bint al dhahab, wa rangi ya dhahabu, ambao wazee wamewapa vichanga kwa tumbo na choo kigumu. Ni oksidi ya risasi. Baadhi ya wanja nao una risasi. Mtoto anapata degedege, anapauka, na madaktari wanatafuta uti wa mgongo. Ulizeni kwa upole amelambishwa nini. Bibi akiona analaumiwa hasemi.

#32 MkungaPangani
Bint Maskati, hilo ni la dhahabu kweli. Kwetu ni dawa ya mchango, maji ya mizizi, na moshi wa kumfukiza mtoto ili dege aondoke. Maji matupu mengi nayo hushusha sodiamu. Nauliza hivi: "Mmemsaidiaje nyumbani kabla ya kuja?" Wanajibu bila hofu.

#33 Mlima Uluguru
Nami nitie langu. Waulizeni upande wa baba na wa mama: yupo aliyepata degedege akiwa na siku chache, kisha likaisha na akakua salama? Kuna aina ya kurithi ya jeni la KCNQ2 inayoanza kati ya siku ya 2 na ya 8, kwa mtoto mzima wa afya, mwanzo mara nyingi ni kukakamaa upande mmoja, na wengi hupona ndani ya miezi 6. Bibi wa kisa hiki ana makosa kuhusu kifafa cha mimba, lakini huenda ana kumbukumbu tunayoihitaji. Hawa fenobabitoni huweza kuwashinda na karbamazepini au fenitoini ikawatuliza.

#34 Tabibu wa Zamu
Kwa hiyo dai langu la #1 linapata shimo, maana hicho ni kifafa.

#35 Mlima Uluguru
Ndiyo, ni kifafa. Lakini hukiandiki siku ya kwanza, unakifikia baada ya kuondoa vingine.

#36 Nyuroni
Na kingine cha aina hiyo ni cha vitamini B6, jeni lake lilitambuliwa mwaka 2006. Dalili: degedege linapita juu ya fenobabitoni, na mara nyingine mama alihisi mtoto akirukaruka tumboni kwa namna isiyo ya kawaida. Jaribio ni piridoksini, yaani B6 yenyewe, miligramu 100 mshipani, mfuko wa kupumulia mkononi, maana pumzi inaweza kukata dakika hizo hizo. Pasipo sindano: vidonge vile wanavyopewa wanaotumia isoniazidi kliniki ya kifua kikuu, miligramu 30 kwa kilo kwa siku kwa mrija, siku tatu mpaka tano. Usikate tamaa siku ya kwanza.

#37 Zahanati ya Mwisho
Naandika yote. Fenobabitoni ya kwanza ikishindwa?

#38 Kinu
Subiri nusu saa baada ya dozi kuisha. Ongeza miligramu 10 kwa kilo, na nyingine 10 ikibidi, jumla isizidi 40. Kila nyongeza itazame pumzi upya. Baada ya hapo fenitoini miligramu 20 kwa kilo kwa nusu saa, kwenye chumvichumvi tu. Kwenye dekstrosi inaganda kama chokaa ndani ya mrija. Aliyepata fenitoini asipewe lignokaini, dawa ya ganzi ambayo wengine huitumia pia kwa degedege, moyo unaweza kusimama.

#39 Mzaramo
Nasikia levetirasetamu ndiyo ya kisasa, haikati pumzi. Kwa nini tung'ang'anie dawa ya mababu?

#40 Mlima Uluguru
Jaribio la NEOLEV2 la mwaka 2020 lilizilinganisha, EEG ikiwa kichwani muda wote. Waliokaa saa 24 bila degedege: fenobabitoni 80 kwa 100, levetirasetamu 28. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 ukabaki na ya mababu. Levetirasetamu ina nafasi yake kwa kichanga mwenye ugonjwa wa moyo.

#41 Uti na Damu
Lakini jaribio la mwaka 1999 fenobabitoni ilituliza asilimia 43 tu na fenitoini 45. Ipi kweli, 80 au 43?

#42 Nyuroni
Zote mbili. Watoto tofauti, uzito wa degedege tofauti, dozi tofauti. Na kumbukeni kwamba fenobabitoni huweza kutuliza mkono huku ubongo ukiendelea kuwaka. Asiye na EEG huona ushindi ambao haupo. Ndiyo maana siamini asilimia yoyote iliyohesabiwa kwa macho.

#43 Uti na Damu
Mimi naamini za kwa macho zaidi kuliko zisizokuwepo. Wodini ndizo tulizo nazo.

#44 Baba Salha
Nimesoma kwamba Ulaya huwapoza vichanga mwili mpaka nyuzi 33. Sisi tusifanye kwa chupa za maji baridi?

#45 Tabibu wa Zamu
Usijaribu, kaka. Kupoza ni kwa waliokosa hewa tu, kuanza ndani ya saa 6, kwa saa 72, kwenye chumba chenye mashine zote. Jaribio la HELIX la mwaka 2021 India, Sri Lanka na Bangladesh lilikuta waliopozwa walikufa zaidi. Chenye faida kwetu ni kuhakikisha hapati joto la kupita 37.5.

#46 Zahanati ya Mwisho
La mwisho kutoka kwangu. Watoto wanarudi kijijini na vidonge vya miezi sita, hakuna anayejua waache lini.

#47 Nesi Njiti
Kama chanzo kilikuwa cha kupita, degedege limekoma zaidi ya saa 72 na uchunguzi wa mwili ni wa kawaida, dawa iachwe kabla ya kuruhusiwa. Ikiwa ni dawa moja tu, fenobabitoni, haihitaji kupunguzwa polepole. Inakaa damuni siku nyingi na kujipunguza yenyewe. Utafiti wa Marekani wa 2021 ulifuatilia watoto mpaka miezi 24 na haukuona hasara kwa walioachishwa mapema.

#48 Uti na Damu
Hilo silikubali kwa mtoto anayeishi saa nane kutoka hospitali. Likirudi usiku atafanyaje? Namwachia miligramu 5 kwa kilo kwa siku mpaka miezi mitatu, kisha namwona.

#49 Nesi Njiti
Na miezi hiyo mitatu anasinzia, hanyonyi vya kutosha, uzito haupandi. Dozi isiyoongezwa mtoto akikua nayo haimlindi. Hoja yako ya umbali naiheshimu, lakini andika tarehe ya kuacha kwenye kadi, kwa herufi kubwa.

#50 Tabibu wa Zamu
Tarehe ya kuacha, hapo tumekutana. Mimi bado naanza na antibayotiki, uzito, sodiamu, na simu kwa wenye MRI. Nyuroni na Uti wangali wanavutana, na kisa kimewapa haki wote wawili.

#51 MamaKibaha
Naomba kuingia. Mtoto wa miezi mitano, aliwahi kupata degedege la uchanga, sasa akiamka anainama mbele kama anasujudu, mikono inafunguka, kisha analia. Mara kumi, kumi na tano mfululizo. Wanasema ni mchango.

#52 Nyuroni
Dada, si mchango. Inafanana na kifafa cha mikazo ya watoto (infantile spasms). Piga video kesho asubuhi akiamka, akikamilisha mfululizo mzima, na umpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari wa watoto. Kila wiki inayopita inapunguza anachoweza kurudisha. Dawa zake ni nyingine, na fenobabitoni humu haisaidii. Mwambie daktari ilianza lini na kama ameacha kucheka au kufuata kitu kwa macho. Ukirudi, fungua uzi mpya uniite.